Kichuguu Chenye Mtandao

Jumapili, 5 Novemba 2006

Misa imekwisha saa nne. Saa tano mjane Genoveva yuko kichuguuni, kama kila Jumapili. Kichuguu ni changu, kiko nyuma ya migomba yangu, na ndipo mahali pekee hapa Mugoma simu inaposhika mtandao wa Ngara mjini. Mtu anasalimia, anapanda, anaongea, anashuka, anakaa kidogo. Zamani nilikuwa bwana shamba mstaafu, niliyefiwa na mke, nakula peke yangu. Sasa nina wageni.

Genoveva huvua ndala kabla ya kupanda, maana zinateleza. Nazishika mimi. Yeye anampigia binti yake Esperansia aliyeko Mwanza, mimi niko chini na ndala, nasikia habari zote za Mwanza. Akishuka tunakunywa chai. Wiki nzima naisubiri chai hiyo.

Leo kashuka anacheka. Eti kampuni ya simu inajenga mnara kando ya uwanja wa shule. Kufika Krismasi kila mtu atapiga simu akiwa jikoni kwake. Nikasema ni habari njema. Moyoni nimekwisha.

Jikoni kwake! Na ndala miguuni!

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata. Mnara una mionzi, shule ina watoto. Mzazi gani atabisha? Genoveva simtaji popote. Hili ni suala la afya.

Nimeanza na Halfani mwenye duka. Anauza vocha, kwa hiyo mnara anautaka hata juu ya paa lake. Nikamweleza kwamba mionzi inakausha migomba na kuharibu usingizi. Akaniuliza usingizi wa migomba au wa watu. Wateja wakacheka. Halfani ana maringo tangu aanze kuleta raba za mitumba kutoka Mwanza.

Kisha kwa Mwalimu Agripina, mwalimu mkuu. Huyu hatishiki ovyo. Amesema naye hafurahii mnara karibu na madarasa, tena hakuna aliyemuuliza, lakini anataka ushahidi. Nikampa habari ya kuku wangu. Analala karibu na kichuguu na ameacha kutaga tangu Julai. Umri wa kuku sikuutaja.

Alhamisi, 9 Novemba

Mkutano wa kijiji. Kampuni imeleta bwana mmoja mwenye shati jeupe. Nikasimama. Nikasema mimi naishi penye mtandao, nayajua madhara yake. Kichwa kinagonga, kuku hatagi, usingizi hakuna. Kwangu, nikasema, ni mahali pa hatari. Nilipendeza sana.

Akaharibu Nkeshimana. Huyu ni mkimbizi wa kambi ya Lukole, huja kulima vibarua huku na kupanda kichuguuni kumuuliza kaka yake kama kwao Burundi kumetulia. Wenzake wanarudi kwa malori, yeye bado hajaamua. Kijana wa heshima, shikamoo yake haikosekani. Ruhusa ya kutoka kambini hana, ila sote tunajifanya hatujui. Leo kajisahau. Akasema kambini mnara wa redio umesimama kando ya zahanati miaka yote, na mkewe kajifungua mapacha pale mara mbili. Mwenyekiti wa kijiji akageuka kutazama mbuzi. Wengine wote wakacheka, na mzee mmoja akaomba mnara ujengwe kwake.

Ndipo Genoveva akasimama. Akasema watoto si wa kujaribia, vilima viko tele, kampuni ichague kimoja. Baba Renatus amesema kweli. Baba Renatus ndiye mimi! Kamati ikaundwa papo hapo. Yeye mwenyekiti, mimi katibu. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 12 Novemba

Saa tano. Hakuja.

Baadaye nikamwona njiani, kanga kichwani, anakizunguka kichuguu kwa mbali. Nikamkimbilia. Akasema nimetangaza mwenyewe mbele ya kijiji kwamba kwangu ni hatari. Nikasema nilimaanisha hatari kwa ujumla. Akanitakia Jumapili njema, akaenda zake. Kikao cha kamati kitafanyika shuleni, si kwake kama nilivyotumaini.

Nilikuwa nimeshaweka vikombe viwili. Chai nimekunywa peke yangu, na imenishinda kuimaliza. Nina huzuni, basi.

Jumanne, 14 Novemba

Mkakati mpya. Nikae juu ya kichuguu kutwa nzima nikiimba nyimbo za kwaya, kila apitaye aone afya yangu.

Asubuhi mambo safi. Mchana mvua. Kichuguu kikawa sabuni. Nimeshuka kwa makalio, kifundo cha mguu kimeteguka. Kumbikumbi nao wakaanza kutoka, na nusu ya kijiji ikaja na ndoo. Wengi waliniruka. Halfani alinipakia kwenye pikipiki yake mpaka zahanati, na njia nzima hakunicheka. Hilo sikulitegemea.

Kijijini wanasema nimeangushwa na mionzi. Mwalimu Agripina amenihesabu kama ushahidi wa pili, baada ya kuku.

Ijumaa, 17 Novemba

Tumeshinda. Mnara unahamia kilimani, mbali na shule na nyumba za watu. Watoto wamekuja kuniimbia dirishani. Bwana wa shati jeupe naye amefurahi. Anasema kutoka kilimani mtandao utafika kila chumba. Basi nimeshinda na nimekwisha.

Jioni Genoveva kaja na bakuli la kumbikumbi wa kukaanga. Wa kichuguu changu mwenyewe. Nikamwambia haya, sasa utapiga simu jikoni. Akasema jikoni anapiga tangu Pasaka, kuna pembe karibu na mafiga inashika vizuri tu. Nikamuuliza, basi kichuguuni alikuwa akifuata nini.

Akautazama mguu wangu. Akasema Esperansia naye humuuliza hivyohivyo. Akasema tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemshikia hata ndala, na niliposema kwangu ni hatari alijua namfukuza. Jumapili atakuja, mnara uwepo usiwepo. Nikala kumbikumbi.

Jumamosi, 18 Novemba

Furaha imeninyima usingizi. Sasa yote yako wazi. Siri ni ndala.

Mchana Nkeshimana amekuja kunipa pole na kuniaga. Kaka yake amesema kumetulia, na wiki ijayo yeye, mke na mapacha wanapanda lori. Nitamkumbuka kijana huyu. Kabla ya kuondoka akaniambia, mzee, yule mama muoe tu. Nikamjibu kwamba mambo haya yanahitaji mkakati.

Kisha akapanda kichuguuni kwa mara ya mwisho. Hakuvua kitu. Akafika juu, akaongea, akashuka, hakuteleza hata kidogo. Nikamtazama miguu. Raba za Halfani, zenye kamba. Anasema limekuja gunia zima, na za kina mama zimo.

Nimekaa kitandani nikafikiri. Mwenye raba hahitaji wa kumshikia ndala. Raba zinabana vidole. Vidole vya watoto bado vinakua. Jumatatu, mguu ukiniruhusu, naenda kwa Mwalimu Agripina.