Maombi ya Kuifuta Kompyuta ya Mama Kwenye Orodha Yenu

Ndugu Mafundi wa Kujitolea, walezi wa viendeshi huria vya picha kwa kompyuta kuukuu,

Nawaamkia kwa heshima zote. Kabla sijalalamika, niungame jambo ambalo sijamwambia mtu, hata dada yangu anayeambiwa kila kitu: kwa miezi mitatu, kila Ijumaa mama akiwa chumba cha mbele anapima wateja, nilikuwa nikikizima kiendeshi chenu kwa makusudi.

Mama ni fundi cherehani. Kompyuta yetu imenizidi umri kwa mwaka mmoja, na kampuni iliyoitengeneza ilishaisahau. Bila kiendeshi hicho, ile programu yenu ndogo inayoielekeza namna ya kuchora picha, ingekuwa imeshastaafu. Mama aliahidi kwamba siku ikishindwa kazi tutatafuta mpya, nami hiyo mpya naitaka mpaka naiota. Sasa nimesoma tangazo lenu: mnauliza kama yupo bado anayetumia kadi ya picha kama yetu, na kama yupo wa kuijaribu kwa kila toleo jipya. Siku thelathini zikipita kimya, mtaifuta kwenye orodha ya mnazozihudumia. Naomba muifute hata leo. Sababu zangu ni hizi:

1. Hamjui kuacha. Kitu kikizeeka, aliyekitengeneza akakitupa, watu wenye adabu hukipita. Ninyi mnaokota. Hamtujui, hatujawahi kuwapa hata maji ya kunywa, lakini kila toleo likija kompyuta ya mama inaamka kama mtu aliyetoka likizo.

2. Mmeniharibia hila. Nikikizima kiendeshi, picha hutanuka, na kila kilicho kwenye skrini kinanenepa. Nilidhani mama atachoka. Kumbe alikipangusa kioo kwa kitambaa, akaiambia kompyuta pole mwenzangu, hata mimi magoti hayanisikii siku hizi. Wateja, ambao huchagulia mishono kwenye skrini hiyo, nao wakapenda. Mwalimu mmoja alisema ni mara yake ya kwanza kuona gauni limevaliwa na mtu wa mwili wake, akaagiza mawili.

3. Hili linaniuma kidogo. Mama huilaza kompyuta chali juu ya meza ya kukatia, hutandika karatasi nyembamba juu ya kioo, na kuchora kola kwa penseli akifuata picha inayong'aa chini yake. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni, ila sikuwahi kulihusisha na Ijumaa zangu. Kinyozi jirani yetu akashonewa koti lenye kola iliyofika mabegani. Akigeuza shingo, koti linabaki linatazama mbele. Alilivaa hivyohivyo kwenye harusi ya mdogo wake, kwa kumstahi mama. Mama alilifumua lote, na nikamsikia akimwambia dada kwamba labda macho yake yamekwisha, labda kazi imeshamkimbia. Wa kulaumiwa ni nani? Ni ninyi. Kiendeshi kingekuwa kibovu tangu mwanzo, nisingepata cha kukizima.

4. Mmenisomesha bila ridhaa yangu. Kila nilipokizima, toleo jipya lilikiwasha, ikabidi nisome mlivyoandika ili nijue pa kukizimia. Shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili naona haya kuzifungulia mdomo. Hii yenu ya tatu, ya kuandikia programu, nimeishika bila mtu kuniambia nisimame mbele ya darasa. Leo naijua kadi yetu kuliko ninavyowajua shangazi zangu.

5. Tangu mkasa wa koti nimeacha kukizima, na kinafanya kazi vizuri mno. Sina hata kosa moja la kumwonyesha mama. Mtoto anayetaka kompyuta mpya afanyeje?

Kwa hiyo ifuteni, ndugu zangu. Mama hatajua. Atadhani ni uzee tu, wa kompyuta au wake mwenyewe.

Sentensi hiyo nimeirudia mara mbili, na sijaipenda.

Nasikia kandambili za mama zinakuja koridoni. Kwa kawaida karatasi zangu huwa chini ya godoro kabla hajafika mlangoni. Hii naiacha mezani, maandishi juu.

Nisalimieni wote mlio nao, walio karibu na walio mbali, pamoja na wazazi wenu, ambao natumaini wanajua mnachofanya na kompyuta zao.

Ni mimi mlalamikaji wenu mtiifu,
Binti wa mshonaji

Nyongeza: Mama ameisoma yote amesimama, tepu shingoni. Ameniita majina ambayo siwezi kuwaandikia watu nisiowajua. Alipofika kwenye koti la kinyozi alicheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akafumba jicho moja, akafumba la pili, kama anayeyapima. Akasema, "Kumbe mazima. Haya, waandikie watoto wa watu kwamba tupo. Mtu akikuuliza kwa adabu, humnyamazii."

Basi hayo ya juu myahesabu hayakuandikwa. Tupo. Msiifute. Toleo la juzi nimelijaribu: picha imekaa sawa, mistari haitikisiki, ila mshale huacha kivuli kona ya kulia. Nikiichapa barua hii nitaambatanisha maelezo, pamoja na marekebisho ninayodhani yatafaa, mistari miwili tu. Na lile swali lenu la pili, kama yupo wa kuijaribu kila mara: yupo, ni mimi. Ila tafadhali msinipigie simu. Niandikieni.