Pilipili Jikoni kwa Mfalme

Jumatatu, 17 Februari

Bibi amemaliza riwaya. Kurasa mia mbili na kumi, kwa penseli. Ana miaka sabini na mbili. Miaka arobaini ameuza tofu, jibini la soya, sokoni, na kusoma alijifunza akiwa na sitini na sita, darasa la wazee. Riwaya ni ya mjakazi wa jikoni kwa mfalme, miaka mia sita iliyopita. Jemadari msaliti anamwagiwa unga wa pilipili machoni, ufalme unapona. Nililia. Kazi yangu ni kuichapa. Ijumaa Bibi atasoma sehemu yake maktabani, mbele ya majaji wa shindano la riwaya. Itakayoshinda itachapishwa kuwa kitabu. Shule nimemaliza, chuo sijapata. Nafasi ninayo.

Jumanne, 18 Februari

Balaa. Mwalimu Pyo, jirani yetu, mstaafu wa historia, naye anashindana. Alikuja kuchukua tofu, Bibi yuko uani, akasoma ukurasa uliokuwa mezani. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akaniambia, "Binti, zama hizo pilipili haijafika Korea. Bado miaka mia na hamsini na ushee. Kabichi ya kimchi ya mfalme huyo ilikuwa nyeupe." Akasema Ijumaa atalieleza hilo kwa faida ya wote.

Nilitaka kumsihi anyamaze. Nikamfungia tofu ya ziada.

Nimwambie Bibi? Ameshaalika soko zima. Darasa la wazee wanakuja kwa basi. Siwezi. Lakini nina njia.

Jumatano, 19 Februari

Kompyuta inaweza kubadilisha neno kila mahali kwa mpigo mmoja. Pilipili imekuwa tangawizi, mara mia na kumi na nne. Tangawizi ilikuwepo, nimehakikisha. Sikusoma upya, sikuona haja.

Bibi aliuliza mbona nachekacheka peke yangu. Nikasema uchovu. Akanipa supu.

Ijumaa, 21 Februari

Maktaba ilijaa. Bibi alivaa vazi lake la jadi, hanbok ya zambarau, akasoma vizuri, kidole kikifuata mstari. Akafika hapa: "Midomo yake ilikuwa myekundu kama tangawizi." Akafunua ukurasa uliofuata. Huko mjakazi anaanika tangawizi nyekundu juu ya paa. Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Akaweka karatasi chini, akasimulia kwa kichwa, pilipili na yote. Jemadari alipopofuka, watu wa sokoni walipiga makofi. Ndipo Mwalimu Pyo akasimama, akaeleza. Nilitaka kusimama nami, nimtetee. Nikabaki kitini.

Bibi akauliza pilipili ilifika lini hasa. Mwalimu akamtajia.

"Basi mfalme nitamhamisha miaka mia mbili mbele," Bibi akasema. "Mfalme si mjomba wangu. Pilipili siigusi."

Watu waliangua kicheko. Hata Mwalimu Pyo.

Ameshinda mama mmoja wa kijiji cha pili, si Bibi wala Mwalimu. Ila majaji wamemwambia Bibi amhamishe huyo mfalme kweli, alete tena mwakani.

Njiani nilimweleza yote, hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia Jumanne, mjukuu wangu, ningemhamisha Jumanne." Heri angenichapa. Nikaapa: nikiona kosa lolote, nitamwambia kwanza.

Jumapili, 23 Februari

Mwalimu Pyo ameleta orodha ya wafalme, ameondoka na tofu. Bibi amechagua mfalme mpya, eti huyu jina lake linatamkika. Nimeanza kuchapa upya.

Ukurasa wa kumi na mbili, mjakazi anachoma viazi. Nikaangalia kwenye kitabu cha historia. Viazi vimefika kwetu miaka mia mbili tu iliyopita. Mfalme huyu alikuwa ameshaoza.

Nilienda jikoni kumwambia Bibi. Anakata kabichi, anaimba. Ana furaha mno. Nikasimama mlangoni. Akauliza nataka nini. Nikasema maji.

Viazi vimekuwa figili. Mara tisa tu. Hatagundua.