Difu ya Kumshinda Wendell

Jumatatu, 12 Juni 1978

Nimeshindwa tena. Jana, kwenye mbio za magari. Na Wendell! Taa ya kijani ikawaka, gari lake la Dart likaruka kama limechomwa sindano, na Nova yangu ikaondoka kama ng'ombe aliyeamshwa usingizini. Robo maili nzima natazama bampa lake. Baadaye akaja na bia mkononi, akainama dirishani kwangu: "Shemeji, ulikuwa unasubiri basi?" Kibanda kizima cha soseji kikacheka. Hata Lorraine alicheka, na Lorraine ni mke wangu. Kisingizio chake: Wendell ni mdogo wake, amemzoea.

Leo nimewaza siku nzima kiwandani huku nikishona magunia ya chakula cha nguruwe. Jibu ni difu, gia za ekseli ya nyuma. Yangu ni 3.73, yaani propela inazunguka mara tatu na ushee ili tairi lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari huondoka kwa nguvu. Ikizidi, injini huishiwa pumzi kabla ya mstari wa mwisho. Hulia. Hupasuka. Hilo kila mtu Nebraska analijua. Swali ni moja tu: Wendell kafunga namba gani?

Mezani Lorraine kanikumbusha. Injini hii ikipasuka kama ile ya kwanza, gari linauzwa na gereji inakuwa jiko lake la kuoka kolache, vile vimkate vitamu vya jamu, za biashara. Nilidhani ni maneno tu. Jioni nimemkuta gerejini na futi kamba, anapima ukuta wa kuweka oveni!

Jumanne, 13 Juni

Dukani kwa Bi Ione Svehla, muuza vipuri. Akaniuliza mambo matatu: urefu wa tairi, injini ina nguvu zaidi kwenye mizunguko mingapi, na navuka mstari kwa kasi gani. Akaongeza kwamba gari langu ni otomatiki, konveta inayounganisha injini na giaboksi huteleza kidogo, kwa hiyo injini huzunguka zaidi ya hesabu ya karatasi. Lazima kuacha nafasi.

Mawili ya kwanza nilijibu kwa uaminifu. La tatu, wanaume wawili walikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mtu hawezi kutamka maili mia na mbili kwa saa mbele ya watu. Nikasema mia na kumi na nane.

Bi Ione akapiga hesabu. Akasema kwa kasi hiyo nifunge 4.10, nisizidishe hata kidogo.

4.10! Mbona ndogo hivyo? Nikiwa njiani ndipo nikakumbuka: Bi Ione ni mama wa ubatizo wa Wendell. Njama tupu.

Jumatano, 14 Juni

Siku ya kuzaliwa ya mke wa Wendell. Ukoo mzima uwanjani kwake, bata wa kuoka, maandazi ya kuchemsha, kabichi. Nikasema naenda kunawa mikono. Nikaingia bandani.

Mungu mkubwa! Dart lilikuwa juu ya stendi za jeki, magurudumu yote mawili ya nyuma hewani. Nikaingia chini. Nikachora chaki kwenye tairi, nikachora kwenye propela. Nikaanza kuzungusha tairi polepole na kuhesabu propela. Moja. Mbili. Tatu.

Viatu vya kahawia vikasimama karibu na miguu yangu. Mama Albina. Mama mkwe wangu, mama mzazi wa Wendell.

"Wendell mwanangu, usitoke, nisikilize tu."

Sikutoka.

"Jumapili ni sikukuu ya akina baba. Mwache Emil ashinde. Mara moja tu. Najua ni mpumbavu kidogo, lakini ndiye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali kwenye ile theluji, na hajanikumbusha hata siku moja. Umenisikia?"

Nikasema, "Mm."

"Mm ndiyo nini?"

"Mm, mama." Kwa sauti nzito ya Wendell, kadiri nilivyoweza.

Akaondoka. Nikalala pale nikitazama mabomba. Theluji ile bado anaikumbuka! Halafu hasira. Kuombewa ushindi kama mtoto! Ujumbe huo haumfikii Wendell kwa mkono wangu, hata kidogo. Nitashinda mwenyewe.

Nikarudi kwenye hesabu. Nilikuwa nimefika tatu au nne? Nikasema nne. Nikamalizia mzunguko: tano na kipande. Kwa kukadiria, ni 5.13. Ndiyo maana linaruka vile, shetani!

Nimekula vipande viwili vya keki. Hakuna aliyeshuku.

Alhamisi, 15 Juni

Nimeinunua 5.13. Bi Ione alitoa macho. Akasema kwa gari langu hiyo injini italia kama nguruwe mlangoni pa bucha. Nikasema ni ya rafiki yangu wa Kansas. Akasema anamhurumia sana huyo rafiki. Nikasema nitamfikishia.

Jumamosi, 17 Juni

Siku mbili chini ya gari. Ngozi ya vidole viwili imebaki kwenye boliti. Mafuta ya difu yamemwagikia zulia ambalo Lorraine anasema lilikuwa la bibi yake. Nimeligeuza upande wa pili.

Nimejaribu kwenye barabara ya mashamba. Nova iliruka! Kofia yangu ikaenda siti ya nyuma! Sikufika mwendo mkubwa kwa sababu trekta la Padre lilitokea mbele. Lakini mruko ule! Wendell maskini.

Jumapili, 18 Juni

Sijavua hata viatu. Naandika hivyohivyo.

Mama Albina alikaa mbele kabisa na mwavuli wake. Kabla hatujapanga magari alimkonyeza Wendell. Wendell akamuuliza kama kuna kitu kimemwingia jichoni.

Taa. Kijani. Nikaondoka kama risasi! Nikatazama kioo na Wendell alikuwa ndani ya kioo! Nyuma yangu! Sijawahi kuliona Dart kwa mbele. Ni gari la sura mbaya sana. Nusu ya njia, bado naongoza. Robo tatu, bado naongoza. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia.

Ndipo mlio ukaanza. Mshale wa mizunguko ukapita elfu sita, ukaendelea kupanda. Giaboksi ilikuwa imeshamaliza gia zake, hakuna nyingine ya kukimbilia. Injini ililia vile alivyosema Bi Ione, hasa yule nguruwe. Usukani ukatetemeka. Mbele ya macho yangu nikaona oveni. Kubwa, nyeupe, ukutani kwangu.

Nikainua mguu.

Wendell akapita. Tena bila huruma yoyote, na nani wa kumlaumu? Aliyeombwa huruma ni mimi.

Nikasimama majanini. Injini ikazimika. Nikaogopa kuwasha. Nikawasha. Ikaunguruma! Laini, nzima, kama paka aliyeshiba! Nikafungua boneti nikaibusu. Nimeungua mdomo.

Lorraine akaja mbio, kiatu kimoja mkononi. Nikajiandaa kusikia habari za futi kamba. Akaniuliza, "Emil, wewe mzima?" Mimi kwanza! Injini aliiuliza baadaye, tena baada ya kunishika mashavu yote mawili. Nikasema wote wazima. Akakaa majanini akalia kidogo, akanipiga begani, akasema basi. Gereji hakuitaja.

Kisha Mama Albina akafika na mwavuli, akaanza kumchapa nao Wendell mgongoni.

"Nilikuomba nini?"

"Lini tena, mama?"

"Jumatano! Ukiwa chini ya gari, unaguna tu kama dubu!"

Wendell akasema Jumatano alikuwa anakata bata mbele ya watu wote. Mama akashusha mwavuli. Wakatazama viatu vyangu. Wote. Kisha uso wangu.

Nilitamani ardhi ifunguke. Lakini Wendell alicheka mpaka akaanguka majanini karibu na dada yake. "Ungeniuliza tu, shemeji! Ni 4.56! Hata nyingine ninayo bandani, njoo uichukue bure!" Bi Ione, aliyekuja kutazama, akachukua garini karatasi yangu ya muda na kasi ya Jumapili iliyopita, akasoma kwa sauti: mia na mbili. Akapiga hesabu upya kwenye kiganja. 4.56, akasema, na konveta ikiteleza bado kuna nafasi.

Mama Albina alinivuta pembeni. Nikatarajia mwavuli. Akasema yote aliyosema bandani yanabaki palepale, pamoja na lile la upumbavu. Kisha akafungua kapu lake, akanipakulia bata, paja zima.

Hakuna aliyenichukia. Injini nzima. Mke ananishika mkono. Sijawahi kushindwa nikajisikia mwepesi hivi.

Jumatatu, 19 Juni

Nimelala kama mtoto mchanga. Wendell ameleta 4.56 mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti, na mkewe ametuma kabichi. Nimewashukuru kwa moyo wote. Watu wema mno.

Lakini leo kiwandani, akili ikiwa imetulia, nimelitazama jambo lote upya. Robo tatu ya njia niliongoza. Robo tatu! Kwa hiyo difu haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba sikuondoka kwa nguvu ya kutosha. Ningemwacha mbali zaidi pale mwanzoni, ningeweza kuinua mguu mapema, injini ikapumzika, nikavuka mstari nateleza tu, napunga mkono. Ajabu kwamba Bi Ione, na hesabu zake zote, hakuliona hilo.

Ile ya Wendell nimeiweka chini mlangoni pa gereji, inazuia mlango usijifunge.

Nimempigia mtu wa Omaha. Anayo 5.38. Inafika Ijumaa.