Furu wa Bwana Omolo

Dedan Chege wa Shauri Moyo hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, isipokuwa kukimbia. Alikuwa na ulimi, na ulimi huo ndio uliomlisha, ukamvisha na kumlipia chumba. Kwa hiyo siku alipomsikia Mbuthia, muuza vyuma vya magari pale Gikomba, akijigamba kwa kinyozi kwamba amenunua sanduku la kioo lenye samaki hai kwenye mnada wa mzungu anayerudi kwao, masikio yake yalisimama.

"Wengine ni buluu kama wino," Mbuthia alisema. "Wengine manjano. Shida ni moja, hakuna mtu anajua wanaitwa nani wala wanakula nini. Nimewapa githeri, mahindi kwa maharagwe, wakaiangalia tu."

"Na wewe utawala?" kinyozi akauliza.

"Samaki? Kwani mimi nakula nyoka?"

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Mbuthia zilikuwa zimeanguka zote sakafuni. Dedan aliwajua samaki hao. Aliwahi kuwaona Ngara, katika duka la Mzee Muse, muuza ndege na samaki wa mapambo. Muse alimweleza kwamba wanatoka ziwa la Malawi, wanakula mwani wa mawe, na ukiwapa chakula kizito matumbo yanafura wanakufa. Mmoja, akasema, ananunuliwa kwa bei ya ng'ombe na ndama wake. Mambo ya shule Dedan aliyasahau yote, lakini jambo lenye bei hakulisahau kamwe. Sasa aliona zizi zima likiogelea sebuleni kwa Mbuthia, na nyuma ya zizi akaiona hoteli yake mwenyewe kule Jericho, chai na mandazi, yeye akiwa ameketi tu nyuma ya kaunta.

Mtu wa mitaa ya Eastlands akitaka kujua habari za samaki humwuliza Mjaluo. Basi Dedan, Mkikuyu, akawa Mjaluo. Aliazima tai, akajibatiza Zedekiah Omolo, mtaalamu wa samaki, mzaliwa wa Dunga, kijiji cha wavuvi ambapo hakuwahi kukanyaga.

Buru Buru, alikoishi Mbuthia, ilikuwa mpya wakati huo, nyumba bado zinanuka rangi. Mlango ulifunguliwa na mke wa Mbuthia, Warigia, mwanamke mkimya. Dedan alimsalimu na kumsahau papo hapo. Tumwachie kosa hilo, atalilipia mwenyewe.

Aliinama mbele ya kioo, akaguna, akatikisa kichwa kama daktari wa serikali.

"Nani aliwausia hii?"

"Mzungu," Mbuthia akasema.

"Pole sana. Hii ni furu."

"Furu ni nini?"

"Ni samaki ya maskini, bwana. Kule kwetu tunapatia paka. Paka ikisiba, tunakula sisi. Na angalia hii moja, kidevu imevimba, haitaki kula. Hiyo ni mafindofindo. Itaambukisa sote, nyumba inuke mpaka mama mkwe akatae kuja."

Mbuthia alikauka. Majirani wote walikuwa wamekuja kukodolea macho chakula cha paka, na yeye alikuwa amewakaribisha kwa soda! Dedan akamhurumia, huruma ya mchinjaji. Alisema kwamba Jumapili angekuja na mtungi kuwaondoa hao furu, kisha amletee samaki wa kweli wa Malawi, wale wanaofugwa na mabalozi.

"Unawabeba bure?" Mbuthia akauliza. "Hapana. Hata kama ni takataka, ni takataka yangu. Weka kitu."

Bahili ni bahili, hata uchafu wake una bei. Dedan akaangalia saa mkononi mwake. Saa ile aliachiwa na marehemu baba yake, na ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo ambayo hakumlaghai mtu kuipata. Roho ilimuuma. Lakini alilikumbuka lile zizi, akaivua saa na kuiweka mezani.

Alipofika mlangoni aliingiwa na hofu. Je, githeri ikiwaua kabla ya Jumapili? Akarudi.

"Mama, usiwape githeri tena. Wachemsie sukuma wiki, ukate dogo dogo. Bila chumvi."

"Bila chumvi?" Warigia akauliza.

"Kabisa."

"Sawa, Bwana Omolo. Jumapili usikule kwenu. Utakula hapa."

Jumapili Dedan alifika na mtungi wake, akakuta kioo kitupu na meza imeandaliwa. Warigia akaleta sinia: ugali, na juu yake samaki wadogo waliokaangwa wakawa weusi, vichwa vyao na macho yao, wakimwangalia.

"Ulisema ni furu, na kwenu mnakula," alisema kwa upole. "Nikaona badala ya kubeba na mtungi, ubebe na tumbo."

Hoteli ya Jericho ilikuwa imekaangwa! Dedan alitaka kupiga mayowe, lakini angelia vipi juu ya chakula cha paka? Mbuthia, ambaye mikono yake ilizoea kuinua injini, alikuwa ameketi mbele yake akingoja sinema ianze. Na balaa jingine ni kwamba Dedan naye, tangu azaliwe, hakuwahi kuonja samaki.

"Kula, bwana. Nataka nione vile hii kitu huliwa."

Dedan aliomba dua ndefu kuliko zote alizowahi kuomba.

"Nilifunzwa kukaanga na Norah Amolo, yule mama wa samaki wa Gikomba," Warigia akasema. "Lakini yeye anaita fulu, kama Wajaluo wote."

"Aa... sisi wa Dunga tunaita furu."

"Kumbe."

Alianza na kichwa, akakitafuna kama muwa. Wa pili, mwiba ulimkwama kooni, machozi yakamtiririka.

"Maskini, amekumbuka nyumbani," Mbuthia akamwambia mkewe. "Mama Njoki, mwongezee."

Aliwamaliza wote, kila mmoja na bei yake. Sauti ilikuwa imekwenda, ikabidi aoneshe kifundo cha mkono kuulizia saa.

"Saa? Si umekula samaki? Tumemalizana."

Jumatatu alijikokota hadi Ngara kumwarifu Muse kwamba biashara ya samaki aliyomwahidi imekufa. Akakuta dukani wale samaki wa buluu na wa manjano wanaogelea, wazima kabisa. Yule wa kidevu alifungua mdomo, vitoto vikamiminika nje, vikacheza kidogo, vikarudi ndani mbio.

"Huyu huficha watoto mdomoni, ndiyo maana hali," Muse alisema kwa furaha. "Kaniletea mama mmoja wa Buru Buru, Jumamosi. Mumewe alidhani wako kwa karai jikoni, kumbe kwa karai kuna samaki wa Gikomba. Anasema kuna mtu aliita hawa chakula cha paka, halafu akawaagizia sukuma wiki bila chumvi! Tena ati Mjaluo, na hawezi kusema fulu."

Dedan alikusanya nguvu zote za koo lake.

"Furu," alisema.

"Hivyo hivyo!" Muse akacheka. "Yule mama alivaa saa kubwa ya kiume, inamcheza mkononi. Nikamuuliza, mama, saa hiyo inasema saa ngapi? Akaniambia, saa ya mgeni kula."