Karatasi Mia Moja na Nane Bila Doa

Kicheche hayupo, na aliyegundua kwamba hayupo ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe!

Ndugu Mkurugenzi, nisamehe, salamu ndiyo hizi zinafuata. Habari kama hiyo huwezi kuiambia ikae kwenye benchi isubiri zamu. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, basi marahaba, nimeshaipokea ya kwako. Mimi ni mama wa yule mtafiti wako wa kicheche, binti mrefu mwenye miwani, ambaye sasa hivi mguu wake wa kulia umefungwa plasta hadi gotini. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu, kama unavyojionea, mwalimu alikuwa akiubandika ukutani wengine wauige.

Naandika kulalamika. Ila barua za ofisini hupita mikono mingi, kwa hiyo kwanza nieleze mambo yalivyokuwa, ili hata atakayeisoma huku anakunywa chai aelewe.

Kicheche (na fundi cherehani jirani yangu aache kucheka, nasema mnyama) ni mdogo kuliko paka, mweusi, mwenye mistari myeupe kuanzia kichwani hadi mkiani. Mchana hulala shimoni, hutoka giza likishaingia, na ukimuudhi anakuachia harufu utakayoikumbuka uzeeni. Upande wetu huu hajaonekana tangu nikiwa msichana. Ofisi yako ilimpa mwanangu mwaka mmoja amtafute. Miezi tisa aliitumia vilimani akarudi na miiba. Kisha akaniambia, "Mama, roho yangu inaniambia yuko hapo kwenye machimbo ya mawe, nyuma ya nyumba yako." Akatega humo vipande kumi na viwili vya bomba pana. Ndani ya kila kimoja kuna sponji yenye wino mweusi, karatasi nyeupe na kijipande cha samaki. Mnyama akifuata samaki anakanyaga wino, halafu anakanyaga karatasi. Mpango wa akili nyingi, na akili hiyo hakuitoa kwa baba yake.

Siku aliyomaliza kutega aliteleza kwenye mawe, kifundo cha mguu kikavunjika. Tangu hapo kazi ya mabomba niliifanya mimi. Kila Ijumaa nilishuka machimboni, nikatoa karatasi, nikatia kila moja kwenye bahasha yake yenye namba, nikafunga kwa gundi, dereva wenu akaja kuchukua. Ijumaa tisa, mabomba kumi na mawili: bahasha mia moja na nane. Mwanangu hakuzifungua hata moja, maana kanuni yenu inasema bahasha hufunguliwa na mkaguzi peke yake, asije mtafiti akajichorea mnyama wake.

Jumatatu imeletwa barua. Inasema karatasi zote mia moja na nane zimekaguliwa na hazina alama yoyote, kwa hiyo kicheche anahesabiwa hayupo, utafiti unafungwa tarehe thelathini, na machimbo yanatolewa kuwa jalala la mji. Mwanangu aliisoma mara mbili, akaikunja, akageukia ukuta. Mpaka leo Jumatano yuko hapohapo ukutani. Nikimwita anasema, "Mama, niache tu." Uji nimempelekea mara nne na mara nne nimeunywa mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, malalamiko yangu ni haya:

1. Barua yenu haina hata neno moja la pongezi. Mtu amefanya kazi mwaka mzima, amevunjika mfupa, amewapa jibu la uhakika ambalo hamkuwa nalo, mnamwandikia mistari sita na chini yake sahihi ya "kwa niaba". Kwa niaba ya nani? Mwenyewe alikuwa wapi? Kuambiwa kitu kipo ni rahisi, kinaonekana. Kusema hakipo, na ukasema kwa karatasi mia moja na nane, ni kazi ya msomi. Ndiyo maana mtaa mzima nimeutangazia. Fundi cherehani aliponiuliza, "Kwa hiyo mama, binti kasoma miaka yote hiyo ili asipate kitu?" nilimjibu kwamba yeye ana miaka thelathini anashona suruali na hajagundua hata kitu kimoja ambacho hakipo.

2. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Mnasema karatasi "hazina alama yoyote" kana kwamba huo ni uchafu. Ndugu Mkurugenzi, mimi nimefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Damu, dawa, iodini, vyote vimepita mikononi mwangu, na halijatoka shuka langu kwenda wodini likiwa na doa. Unadhani ningekubali karatasi zenye jina la mwanangu zifike kwenye meza ya wakubwa zikiwa chafu? Nyingi zilikuwa safi zenyewe. Lakini kila Ijumaa palikuwa na nne au tano zilizokanyagwakanyagwa na vijidudu vya humo machimboni, wino umetapakaa utadhani mtoto kaachiwa kalamu. Hizo niliziweka pembeni, nikatia bahashani karatasi mpya, nyeupe, iliyonyooka, na namba nikaiandika kwa mkono wa mlazo. Sikumwambia mwanangu. Mzazi hamtangazii mtoto kila anachomfanyia. Sasa badala ya kusema, "Huyu mtafiti ana nidhamu, karatasi zake zinang'aa," mnamfungia kazi kwa ajili ya usafi uleule! Basi tuelezeni mlitaka zije na madoa mangapi.

3. Kuna ile kamera, ya mchana tu, giza likiingia haioni, mliyoifunga kwenye nguzo karibu na bomba la saba. Taarifa mliyoiambatanisha na barua, ukurasa wa nne, ina picha kumi na saba, na chini yake mmeandika: "Mnyama mkubwa, hahusiki na utafiti." Huyo ni mimi. Nilikuwa nimeinama nachomoa karatasi, nimevaa gauni langu la bluu la kazini. Sikatai kwamba picha zimechukuliwa kwa nyuma na kwamba mwanga haukunitendea haki. Lakini katika ofisi nzima ya wasomi wa wanyama hakukupatikana mtu wa kumtambua binadamu? Na hilo neno "hahusiki" ndilo linaloniuma kuliko "mkubwa". Mimi ndiye niliyehusika kuliko wote.

4. Upendeleo. Mtaa wa pili yuko kijana wa mwalimu mkuu mstaafu, anayesoma popo. Kwake mmeongeza miaka mitatu. Namsifu, ni kijana mwenye adabu. Lakini popo wake wanakaa kwenye dari la posta ya zamani, mamia kwa mamia, saa kumi na mbili jioni wanatoka wote kwa mkupuo, na anayepita chini na shati jeupe anarudi nalo kwangu akiniomba ushauri. Huyo anahitaji kutafutwa? Hata mimi nawaona, na miwani nimeisahau. Anayesoma mnyama anayejionyesha anaongezwa miaka. Anayesoma mnyama mwenye haya zake, anayejiheshimu, asiyependa kusumbuliwa na watu, anafungiwa. Kwa mtindo huo, Ndugu Mkurugenzi, siku moja mtakuja kuhifadhi panya wa jikoni na kunguru peke yao, maana hao hawakosi kikao.

5. Machimbo. Nakubali kicheche hayupo, mwanangu kagundua, sibishi. Lakini kutokuwepo si kufa. Marehemu mume wangu alikwenda kufanya kazi mbali, akakaa miaka minne bila barua. Watu walinishauri nikipangishe chumba. Sikukipangisha, wala kitanda chake sikukiuza, kila Jumapili nilikipigia pasi shuka. Siku aliyorudi alikuta mto wake mahali pake, akakaa kitandani akalia kama mtoto. Sasa huyu kicheche akirudi, akakuta nyumbani kwake mmemwaga maganda na chupa za mji mzima, atamwuliza nani? Mwanangu alinionyesha mashimo yake ya zamani chini ya jiwe lililopasuka, akayagusa kwa vidole viwili tu, taratibu, kama anamgusa mgonjwa. Mtu hawezi kugusa hivyo jalala.

6. Kutokana na hayo yote naomba, kwa heshima: (a) kwa kuwa mwanangu ndiye mtaalamu pekee wa kicheche asiyekuwepo, apandishwe cheo na apewe miaka mingine mitano ya kuhakikisha anaendelea kutokuwepo, (b) machimbo yahifadhiwe kwa heshima ya kutokuwepo huko, pawekwe kibao, maneno nitayaandika mimi, (c) akishakamilisha kicheche, apewe na wanyama wengine wasiokuwepo, maana ameshaonyesha anaweza, (d) watafiti wote wa ofisi yako, hasa yule wa popo, waletwe kwangu wiki moja wajifunze usafi wa karatasi, na (e) nitambuliwe rasmi kama Msimamizi wa Usafi wa Utafiti, na ile picha ya ukurasa wa nne iondolewe, iwekwe niliyopiga studio.

Mkininyima haya, nitajua kwamba hamtaki ukweli, mnataka madoa.

Nawasalimu wote hapo ofisini. Msalimie karani wa mapokezi aliyenipa kiti nilipokuja kuuliza, mlinzi wa getini na mgongo wake, dereva wa bahasha mwambie sahani yangu aliyochukulia maandazi naisubiri. Mkaguzi pia msalimie, ingawa sina hamu naye.

Nimeandika kwa mkono wangu, kwa niaba ya mimi mwenyewe,

Mama Mtafiti,
nyumba ya mwisho kabla ya machimbo.

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, ngoja kwanza. Kabla ya kuifunga barua nimekaa kando ya kitanda nikamsomea mwanangu, walau ajue kwamba ana mtu wa kumtetea. La kwanza alilisikiliza kwa kisogo. Nilipofika la pili, pale penye karatasi zilizokanyagwa, akageuka. Akasema, "Mama, rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Zile chafu ulizitupa wapi?" Nikamwambia mimi si mtu wa kutupa karatasi nzuri ambayo upande mmoja bado mzima, ziko chini ya mayai, kwenye trei za stoo. Aliinuka, mwanangu, bila magongo, akaruka kwa mguu mmoja mpaka stoo akishika ukuta, mimi nyuma nikipiga kelele kwamba ataangukia mayai.

Ziko arobaini na moja, na nyuma ya kila moja nimeandika namba ya bomba na tarehe kwa penseli, kwa sababu hata shuka chafu nililiandikia wodi lilikotoka. Ametandaza zote sakafuni. Ameniita nikachuchumaa naye. Vidole vitano, na mbele ya vidole kucha ndefu, utadhani mtu kaichana karatasi kwa kitana. Ananiambia panya hana kucha hizo, paka hazionyeshi akitembea. Na kwenye karatasi za bomba la saba kuna nyayo ndogo zinazofuata kubwa, za watoto wawili au watatu. Analia na kucheka kwa pamoja, ananiita "Mama, wewe mama," na uji ameunywa, bakuli mbili. Kisha amenikumbatia kwa nguvu hadi kalamu imenidondoka, ndiyo maana hapo juu unaona doa, la kwanza katika maisha yangu, naomba liachwe.

Kwa hiyo namba moja, mbili, nne na sita zifutwe. Kicheche yupo, ana watoto, na aliyegundua ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Ya tano naomba isomwe upya, kwamba mwenye nyumba hakusafiri. Mwanangu anataka niichane barua hii niandike nyingine fupi, lakini mkono umechoka, na ya tatu bado naitaka kama ilivyo.

Karatasi sizitumi kwa dereva. Njoo wewe mwenyewe, bila "kwa niaba", umlete mkaguzi na miwani yake, karani, mlinzi na yule kijana wa popo. Fundi cherehani nimeshamwambia, anashona gauni. Zitakuwa zimetandazwa mezani sebuleni, hazijapigwa pasi, nimeapa. Tarehe thelathini haijafika. Nawategemea wote Jumamosi hii, tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi.