Mkulima wa Magunia Kumi na Moja

Jumatatu, 9 Juni

Nimeokoka! Si kanisani. Redioni.

Nilikuwa namlisha binti yangu Ajwang uji, redio ikasema serikali inawasamehe wakulima madeni yao. Kijiko kikabaki hewani. Ajwang akalia. Pole, mama.

Sasa deni langu la kikundi ni la nini? La vifaranga! Mwezi wa pili nilikopa kwa wamama wa Tuinuane, nikanunua vifaranga hamsini, nikawafugia chini ya kitanda. Arobaini na sita walikufa kwa baridi wiki ya kwanza. Wanne wakakua, wote majogoo. Watatu tuliwala Pasaka. Amebaki mmoja, tunamwita Salio. Mtu aliyefuga kuku kwa mkopo si mkulima huyo? Ni mkulima. Basi sidaiwi!

Nilikuwa nimebakisha elfu sita, na mwisho ni Jumapili hii. Asiyelipa, wamama huja kubeba kitu alichoandikisha. Mimi niliandikisha cherehani. Na cherehani ndiyo hununua maziwa ya Ajwang. Tena Ajwang mwenyewe husimama kwa kushika mguu wa hiyo cherehani, kingine hataki. Ana miezi kumi na minne na bado hajatembea. Ukiondoa cherehani, mtoto wangu atasimamia nini?

Haiendi popote.

Nilimweleza Oyoo alipotoka kazi ya mjengo. Akaniambia Vero, una nguo kumi na nne za kushona, kila moja mia tano, hiyo ni elfu saba, si ushone tu. Ni za harusi ya binti wa mwenyekiti wetu Kavutha, huko Mountain View, Jumamosi ya tarehe 21. Kikundi kizima sare moja. Nimeshona mbili. Oyoo ni mume mzuri lakini haoni mbali.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda kibandani kwa Kavutha kumpa habari njema. Hakuacha kupanga nyanya. Akaniuliza hiyo serikali ilikaa na sisi kikao gani. Ilichanga shilingi ngapi? Ililetewa chai na mkate wa nani? Akasema mimi nilikopeshwa na Kavutha, na Kavutha hajasamehe mtu tangu abatizwe.

Maurine alikuwa hapo hapo ananunua nyanya mbili. Mbili! Amekuja kusikiliza. Huyu ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Mwezi wa kwanza alishindwa kulipa, tukambebea kochi. Mimi nilibeba mito, nikaongoza wimbo. Leo ameniuliza, kwa sauti tamu sana, eti mlango wangu hufunguka wote ama hukwama katikati. Nimemwambia hukwama. Akasema haidhuru, wataupima.

Nikaenda kwa chifu. Karani anaitwa Were, amelalia mkono. Akasema msamaha ni wa mkulima anayejulikana, mkulima asiyesajiliwa hajulikani. Afisa wa kilimo atazunguka Riruta Alhamisi. Nikauliza, akikuta shamba? Atakusajili. Nikauliza, halafu deni? Akasema mama, kuna watu nyuma yako.

Hajakataa!

Jumatano, 11 Juni

Shamba bila kibao ni nini? Ni matope.

Nimefungua mkebe wa pesa ya deni. Elfu mbili mia nne. Nikamfunga Ajwang mgongoni nikaenda mjini. River Road hutembei kwa miguu, unatembea kwa mabega. Nikaingia kwa Abdulrauf anayechapa kadi za harusi. Kijana wa heshima. Alinipa kiti, akampa Ajwang karatasi za kuchana. Akauliza shamba liko wapi. Nikasema Riruta, nyuma ya choo cha ploti. Hakucheka. Aliandika. Akauliza niwekewe picha gani. Ya kuku hana, ya ng'ombe hana. Ana trekta tu, la mteja ambaye hakurudi. Akaniwekea bure! Kibao ni elfu moja mia tatu, akapunguza mia.

VERONICAH FARM. MIMEA NA MIFUGO. Na trekta jekundu.

Nimelia kidogo. Jina langu halijawahi kuandikwa kubwa hivyo. Shuleni liliandikwa tu kwenye orodha ya wa kurudishwa nyumbani kwa karo.

Oyoo amekiangalia kibao muda mrefu. Mwishowe akauliza trekta ni la nani.

Alhamisi, 12 Juni

Siku kubwa.

Mimi nina gunia moja la udongo lenye miche mitatu ya sukuma. Halitoshi. Asubuhi na mapema nikaazima matano kwa majirani, kwa ahadi ya kuyamwagilia mwezi mzima. Maurine akanipa yake matano, na bata wake wawili juu. Bila kubishana! Ningejua hapo. Nikayapanga nyuma ya choo. Kumi na moja. Ukisimama pembeni na kufinya macho, ni shamba kabisa.

Bata wakakataa kutulia, nikawafunga kwa kamba. Kamba zangu hizi si za kawaida. Tepu ya kupimia ilipotea na namba hunichanganya, kwa hiyo kila mteja nampima kwa kamba yake mwenyewe. Nafunga fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga. Zinaning'inia msumarini, hazina majina. Nazijua kama ninavyojua watoto. Kwa bata nilichukua ya Kavutha, ndiyo ndefu kuliko zote.

Afisa alifika saa tano. Kijana, jina Ndeti, gambuti safi. Akakisoma kibao mara mbili. Akauliza sukuma nilipanda lini. Nikasema mwezi wa pili. Maurine, aliyekuwa anaanika nguo ileile moja tangu asubuhi, akasema mwezi wa nne, na hayo matano ni yangu, na yale ni ya majirani. Ndeti akauliza trekta liko wapi. Nikasema mume wangu ameenda nalo kazini. Hapo hapo Oyoo akatoka chooni. Mjengo leo hakukuwa na kazi. Akamwamkia afisa vizuri, akapita.

Bata wakakata kamba wakamfuata Maurine.

Ndeti akaniuliza taratibu, mama, chako hapa ni kipi. Nikasema gunia lile, na Salio. Nilidhani atafunga kitabu. Lakini akaandika! Akasema hata mwenye kuku mmoja anahesabiwa. Nina karatasi! Nina namba! (Maurine naye kasajiliwa, magunia matano na bata wawili. Mwizi.)

Ndeti akaeleza kwamba wanaosamehewa ni wale waliokopa kupitia vyama vyao vya ushirika, na deni la kikundi cha wamama halimo. Alieleza mara tatu, kwa upole. Mimi nilikuwa naangalia namba yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempelekea Kavutha karatasi. Aliwasomea wateja kwa sauti. Gunia, moja. Kuku, mmoja. Akanirudishia kwa mikono miwili kama cheti. Hongera, mkulima. Jumapili saa nane.

Mkebe una elfu moja na mia moja. Nikamwomba apokee hizo kwanza. Akasema kikundi hakipokei nusu. Maurine aliomba hivyo hivyo mwezi wa kwanza, na mtu mmoja akasimama akasema sheria ni sheria. Akaniuliza kama namkumbuka huyo mtu.

Namkumbuka. Alikuwa amevaa blauzi yangu ya njano.

Jumapili, 15 Juni

Wamekuja. Wote na wimbo. Ni ule niliokuwa naongoza mimi. Walianza chini mno, wakapotea ubeti wa pili, ikabidi niwashikie sauti. Aibu ni aibu, lakini wimbo usiharibike.

Ajwang alikuwa ameshika mguu wa cherehani. Wamama wanne wakainua, Maurine mbele. Mkono wa mtoto ukabaki hewani. Nikajua sasa ataanguka, sasa atalia. Hakuanguka. Aliiangalia cherehani ikienda. Akainua mguu. Akaweka. Akainua wa pili.

Ametembea! Ajwang ametembea! Hatua tano, mikono mbele, akiifuata cherehani yake!

Wakaiweka chini wote wakapiga vigelegele. Maurine ndiye alimnyanyua kwanza, machozi yanamtoka, anasema ona mguu wa mama, ona mguu wa mama. Kavutha alicheza kidogo. Nikawapa maji. Tukakaa, tukasimuliana watoto wetu walitembea lini.

Kisha mtu akakumbuka. Wakainuka, wakabeba.

Imewekwa kwa Maurine mpaka iuzwe, kwa sababu kwake kuna nafasi. Pale palipokuwa na kochi. Ajwang alitembea mpaka huko pia. Nimerudi ndani nikakaa sakafuni, pale penye alama nne za miguu. Nimefurahi sana. Nimelia sana. Oyoo alinipikia ugali na mayai.

Jumanne, 17 Juni

Nimesikia yote kupitia ukutani.

Kumbe jana walikumbuka harusi. Nguo kumi na mbili hazijashonwa, na fundi mwingine alitaka elfu moja kwa kila nguo. Maurine akasema kwani kushona ni nini, ni kukanyaga tu. Mimi nikawapa vitambaa na kamba zote. Sikuficha hata moja. Sikuulizwa chochote, nami sikusema chochote.

Maurine akaanza na ya mwenyekiti, kwa heshima. Kamba hazina majina, akachukua iliyo ndefu kuliko zote. Lakini ya Kavutha ilikuwa ile waliyokata bata. Nusu ilibaki na Maurine, nusu ilibaki na bata.

Saa nne Kavutha akaja kujaribu. Nguo iliingia mikononi na kichwani, hapo ikagoma. Haishuki, haipandi. Maurine anavuta chini, mwingine anavuta juu, Kavutha ndani ya kitambaa anauliza nani amezima taa. Maurine anamwambia toa pumzi, mwenyekiti. Kavutha anasema pumzi nimetoa tangu saa nne kamili! Salio akaanza kuwika.

Mlango wangu ukagongwa. Ni Kavutha, mkono mmoja juu kama anayeomba kuongea kikaoni. Akasema, ndani ya nguo, Mama Ajwang, leta makasi.

Jioni cherehani ikarudi. Safari hii bila wimbo. Maurine alibeba mbele tena. Wamekubaliana nishone kumi na mbili kabla ya Jumamosi, na malipo yaingie kwenye deni. Kavutha amesimama katikati ya nyumba nimpime upya. Kamba mpya, mafundo mapya. Ajwang amekumbatia mguu wa cherehani, hataki hata uji.

Jumapili, 22 Juni

Harusi imepita! Tulisimama kumi na nne kwenye nyasi za Mountain View, bluu tupu, kila mshono mahali pake. Watu walituuliza fundi ni nani. Kavutha alicheza mpaka chini na nguo ikashuka naye, ikapanda naye. Hapo akanivuta kando, akanong'oneza kwamba ile faini ya mia tano ya kubebewa, ya soda za waliobeba, ameisamehe.

Amesamehe! Kavutha!

Leo tumepiga hesabu. Elfu saba toa sita, deni limeisha, na elfu moja ni yangu. Oyoo akasema umeona sasa, ungeshona tu tangu Jumatatu ile. Nimemhurumia. Tuangalie mambo yalivyo. Nilipokuwa sijasajiliwa, nilidaiwa. Nikasajiliwa Alhamisi. Kabla ya siku kumi kuisha deni hakuna, na mtu ambaye hajawahi kusamehe amesamehe. Cherehani nilikuwa nayo miaka mitatu, ilishawahi kunifutia deni? Hapana. Ni ile karatasi.

Na Ndeti aliniambia, alipokuwa anaondoka, kwamba mahali padogo sungura hufanya vizuri. Sungura mmoja huzaa sita. Sita wakizaa sita! Na kibao tayari ninacho, trekta na kila kitu.

Kikao cha kikundi leo kilikuwa kwangu. Chai ilipomiminwa nikasimama nikaomba elfu kumi. Maurine akawa wa kwanza kuinua mkono, akasema yeye atanidhamini, tuwasaidie wakulima. Kumbe ana roho nzuri. Kavutha akafungua kitabu, akaniangalia juu ya miwani, akauliza naandikisha nini.

Nikasema cherehani.

Ajwang alikuwa ameshika mguu wake kama kawaida. Kavutha alipoanza kuandika, akauachilia. Akavuka katikati ya wamama, akatoka nje, akatembea peke yake mpaka mlangoni kwa Maurine. Akasimama hapo, ametugeukia.

Sijui alikuwa anangoja nini.