Umaskini wa Kukodi

Serikali ilipotuletea wakili wa bure pale Asuoso, maskini walimshukuru Mungu. Yaw Bediako naye alishukuru, kwa sababu zake.

Yaw, mtu wa maneno matamu, akaenda moja kwa moja kwa Opanin Agyekum, tajiri wa mbao aliyegombea shamba la kakao na ndugu zake. Akamwuliza kwa huruma kwa nini amlipe wakili wa Kumasi na wa bure yupo. Agyekum akasema wa bure ni wa maskini.

"Umaskini ni mavazi tu, mzee wangu," Yaw akamwambia. "Na mimi nakodisha."

Akamvisha kaptura iliyotoboka, akamfundisha kukohoa, akapokea ada yake. Wakili, binti mpole aitwaye Dufie, alimhurumia hata akampisha kiti chake mwenyewe. Kesi ikapangwa Jumatatu.

Ubaya ni kwamba Dufie alikuwa peke yake, na Jumatatu hiyo ilikuwa ya Kwaku, fundi viatu aliyesota mahabusu tangu mvua zilizopita kwa mbuzi ambaye hakumwiba. Mama yake, Serwaa muuza kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, akaambiwa asubiri.

Kumbe Jumamosi, siku mbili kabla ya kesi, alikuwa akizikwa mama mkwe wa Agyekum, na kwetu zawadi ya mkwe hupitishwa mbele za watu na kutangazwa. Yaw akamsihi abaki nyumbani.

"Nionekane mkwe asiye na kitu?" Agyekum akafoka. "Bora nife mimi."

Akaja na fahali aliyenona, kreti za vinywaji vichwani mwa wasichana na matarumbeta nyuma. Kipaza sauti kikamsifu hadi soko la pili. Dufie, aliyekuja kuzika kama sisi sote, akainuka kumpa pole.

"Opanin, kikohozi kimepona?"

Mbele ya wakwe zake, Agyekum akamnyooshea Yaw kidole. Yaw akakamatwa na tonge mdomoni.

Jumatatu Kwaku akatetewa, akarudi nyumbani. Tangu hapo Dufie hatazami nguo za mtu, huuliza majirani.

Yaw naye, huko mahabusu, akaomba wakili wa bure. Majirani wakaulizwa. Wote wakaapa kwamba ni tajiri mwenye maghala Accra. Mwenyewe ndiye aliyewaambia miaka yote.

Ni Serwaa peke yake aliyemtetea, akiwa amempelekea kenkey na samaki.

"Huyu hana kitu, mwanangu. Mimi ndiye ninayemlisha," akamwambia Dufie. "Mpangie. Ila awe wa mwisho."